Karantini ya Mazimwi

Katika watu wote waliowahi kukalia kiti changu cha plastiki pale Nyasura, hakuna aliyenichosha kama Bwana Mifugo, na hakuna ninayemtaja mara nyingi kumzidi. Jina lake nalijua vizuri. Lakini hata mkewe alikuwaga anamwita Bwana Mifugo mbele za watu, sasa mimi ni nani nianze kubadilisha? Ndiye aliyekuwa akizunguka na pikipiki kuanzia Bunda mpaka vijiji vya Butiama, boksi la chanjo limefungwa nyuma kwa mpira, anachoma ng'ombe sindano na kuwagombeza wenye ng'ombe. Mimi ni fundi wa kompyuta. Ng'ombe namjua akiwa kwenye sahani.

Kilichomleta kwangu ni mkono. Dume mmoja kule Butiama alimbana mkono wa kulia kwenye nguzo ya zizi, na vidole vikapona kwa kuviangalia tu, kazi vikawa haviwezi. Daktari wa Musoma akamwambia avifanyishe mazoezi kila siku, akampa na kimpira laini cha kuminya. Ofisini nako wakamwambia, kwa heshima zote, kwamba msimu wa chanjo ukifika na mkono bado haushiki bomba la sindano, watampa kiti. Atakaa ndani aandike vibali vya kusafirisha mifugo. Neno "kiti" alilitamka kama wengine wanavyotamka jina la ugonjwa. "Wakinikalisha nimekwisha, fundi," aliniambia siku ya kwanza kabisa, hata hajaniambia shida iliyomleta. Shida ilikuwa simu haichaji.

Siku hiyo alinikuta nacheza, na sioni aibu kusema. Kazi ya kompyuta ina kusubiri kwingi. Unaweka programu, unakaa unaangalia mstari unajaa taratibu. Nilikuwa na kompyuta moja ya mteja aliyeitelekeza, nikaiwekea emuleta, yaani programu inayoifanya kompyuta ijifanye mashine ya gemu ya zamani. Ndani ya emuleta kulikuwa na gemu moja ya Kijapani. Kuna shujaa mwenye panga refu anatembea nchi ya mahekalu na milima, anapigana na mazimwi, na kila akishinda anaongezeka nguvu. Maandishi yote yalikuwa ya Kijapani, na Bunda nzima sikuwa na mtu wa kunisomea. Bwana Mifugo alisimama nyuma yangu na simu yake mkononi, kimya, mpaka nikafa. Ndipo akauliza kile kidude nilichoshika, yaani padi ya kuchezea, kinatumia vidole vingapi. Nikamwambia vyote.

"Lete," akasema.

Kuanzia hapo kila siku saa nne asubuhi yuko kwangu, na kimpira cha daktari akampa mbwa.

Kompyuta yenyewe ilikuwa imezeeka. Mwanzoni gemu ilikwama kila shujaa akigeuka, na mazimwi wakiwa wawili ndiyo kabisa, picha inaganda kama uji wa jana. Nilihangaika na mipangilio ya emuleta wiki nzima. Nikapunguza ukubwa wa picha, nikazima vivuli, nikajaribu hiki na kile, mpaka ikakimbia kwa kasi yake halali, asilimia mia. Ila mbingu ikawa ya zambarau na haikurudi tena. Bwana Mifugo akauliza kama huko Japani ndiyo mbingu yao ilivyo. Nikamwambia ndiyo, kwa sababu nilikuwa nimechoka. Basi toka siku hiyo kila kasoro ya kompyuta yangu akawa anawapa Wajapani. Shujaa akizama nusu kwenye ukuta, ni mambo ya Wajapani. Muziki ukikatika, Wajapani wamepumzika.

Alikuwa mtu wa salamu, na salamu zake zilikuwa na foleni. Nikimpa shikamoo yangu ananirudishia marahaba, halafu anaanza: mama hajambo, mvua kwenu Bukima imenyesha, mihogo inasemaje, na kile kikohozi cha kaka yako. Ukidhani amemaliza, anaanza upya kwa upande wa baba. Tabia hiyohiyo akaiingiza kwenye gemu. Shujaa akifika kijijini, lazima asimame mbele ya kila mzee anayeonekana, maneno ya Kijapani yatokee, asubiri yaishe yote. Mimi huyaruka. Yeye anatikisa kichwa kwa adabu. Nikimuuliza mzee anasemaje, ananijibu anasema karibuni. Wazee wote wa nchi ile, kwa miezi minne, walituambia karibuni.

Kwenye kupigana ndipo aliponivuruga akili kabisa. Mimi nikiona zimwi nabonyeza kila kitufe kilichopo na kuomba Mungu. Yeye anamsimamisha shujaa mbali, anaegemea mbele, anasema, "Tumwangalie kwanza." Zimwi anazunguka, anaunguruma, anarusha moto, Bwana Mifugo anamwangalia tu anavyoweka miguu. Akishauawa vya kutosha anafungua daftari. Lilikuwa daftari lake la kazini, lile la kuandikia ng'ombe waliotibiwa, kwa hiyo kila zimwi alipata namba, jinsia, rangi na hali ya mwili. Namba nne naikumbuka neno kwa neno: "Dume. Pembe moja imevunjika. Manyoya yanang'aa, anakula vizuri. Akitaka kuruka, mguu wa nyuma wa kushoto hutangulia." Zimwi huyohuyo alikuwa amenitesa mimi tangu Pasaka. Nikasoma zile sentensi nne, nikashika padi, nikamuua mara moja tu. Nilinuna siku nzima.

Wala usidhani alikuwa malaika. Alikuwa bingwa wa kuwahubiria watu wamalize dozi, lakini vidonge vyake mwenyewe vya maumivu alivisahau mezani kwangu mpaka panya wakavitoboa. Mtu aliyelala chali chini ya ng'ombe anayezaa, aliogopa bata mzinga. Jirani yangu alikuwa na mmoja, na akitoka nje tu, Bwana Mifugo anavuta kiti ndani na kusema kuna upepo. Na alikuwa mbishi. Nilimweleza kwamba emuleta ina namna ya kuhifadhi mchezo papo hapo, kwamba ukifa unarudi sekunde moja nyuma. Akakataa katakata. Akasema ng'ombe akikupiga teke huwezi kumwambia rudisha mguu.

Tulikaribia kukosana kwa ajili ya zimwi wa darajani. Huyo alikuwa fahali mkubwa anayesimama kwa miguu miwili, ana rungu, amefunga njia ya kwenda mlimani. Bila kumpita huyo gemu haiendelei. Bwana Mifugo akamwangalia kwanza, kama kawaida, halafu akaweka padi chini.

"Ana pete puani," akasema. "Huyu ana mwenyewe."

Nikadhani anatania. Kumbe wapi. Alisema zimwi wa porini hana shida, lakini huyu kuna mtu amemtoboa pua na kumfuga, na yeye miaka yote ya kazi hajawahi kugusa ng'ombe bila idhini ya mwenyewe. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwisho nikamwambia kompyuta ni yangu, emuleta ni yangu, kwa hiyo na huyo fahali ni wangu. Akafikiri, akaona ina mantiki. Akaniomba idhini rasmi, nikaitoa mbele ya wateja wawili, akaiandika.

Nafikiri alipenda kuja kwangu kwa sababu sina huruma ya mdomoni. Nyumbani kwake, alinisimulia, mkewe alianza kumshikia kikombe. Majirani wakamsukumia pikipiki kabla hajaomba. Barabarani watu walimpa pole kwanza, shikamoo baadaye. Mimi nilikuwa namfokea. "Ruka! Bwana Mifugo, mbona huruki?" Nikishafoka nakumbuka huyu ni umri wa baba yangu, naomba radhi. Naye anasema, "Foka tu. Zimwi ana haraka."

Na mkono ulikuwa unaamka kweli. Kidole gumba kilirudi cha kwanza, halafu cha shahada. Vile viwili vya katikati ndivyo vilikuwa wavivu, na bahati mbaya kitufe cha kukwepa kiko juu ya padi, pale pale panapohitaji kidole cha kati. Fahali wa darajani alimuua wiki ya kwanza, akamuua wiki ya pili, akaendelea. Msimu wa chanjo nao ukawa unasogea. Ofisini wakamuuliza hali, akawajibu anaendelea vizuri, na aliporudi kwangu hakunisalimia upande wa baba.

Siku moja baada ya kufa tena, aliweka padi mapajani, akachukua mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, akavinyoosha vile vidole kimoja kimoja, kama mtu anayepanga vijiko. Hakujua namwona. Nikaenda nyuma kutafuta waya ambao sikuuhitaji, nikalia huko.

Kesho yake, kabla hajafika, nikafungua mipangilio ya emuleta. Kasi ilikuwa asilimia mia. Nikaishusha mpaka sabini. Sikumwambia. Niliona nafanya wema, na Mungu ananiona, nilitaka tu ashinde mara moja aende ofisini kifua mbele.

Akaja, akasalimia, akakaa, akaingia darajani. Fahali akanyanyua rungu taratibu. Bwana Mifugo akakwepa. Akanyanyua tena, akakwepa tena, akampiga panga moja, mbili, tatu. Nikawa nimeshika meza. Ilikuwa imebaki kidogo sana fahali aanguke. Ghafla Bwana Mifugo akaacha kubonyeza. Akaegemea mbele.

"Tumwangalie kwanza," akasema, na rungu likashuka likamuua shujaa.

Hakujali. Aliwasha upya akarudi, safari hii hakupigana, alikaa mbali anaangalia tu. Kisha akamtoa shujaa darajani, akampeleka kijijini, akamzungusha porini kuangalia mazimwi wadogo, mbwa mwitu, hata farasi wa wapita njia. Emuleta ikipunguzwa kasi sauti nayo inavutika na kukwaruza, akawa anainamisha sikio kwenye spika.

"Wote wanaumwa," akasema. "Wanaburuta miguu. Sikiliza wanavyopumua. Hii ni homa ya mapafu."

Nilicheka kwa sababu sikujua nifanye nini kingine. Yeye hakucheka. Akasema hawa Wajapani ni watu makini, wameingiza na mlipuko wa ugonjwa kwenye hadithi, wanampima mchezaji kama ana utu. Ng'ombe mgonjwa hapigwi. Hahamishwi, hauzwi, hachanganywi na wengine, unamtenga na kusubiri. Akafungua daftari akaandika tarehe. Akachukua karatasi yangu nyeupe, akaandika kwa mkono wa kushoto KARANTINI kwa herufi kubwa, akaibandika juu ya skrini kwa gundi yangu. Akaenda nyumbani. Mteja mmoja aliisoma mchana ule akakataa kuchomeka flashi yake.

Nikajiambia nitamweleza kesho. Kesho alikuja, akasimama mlangoni, akauliza wagonjwa wanaendeleaje, nikasema hivyo hivyo. Kesho kutwa vilevile. Nikirudisha mia kimyakimya atasema wamepona, nami nitabaki na uongo wangu kifuani. Nikiacha sabini, karantini haiishi. Huku vile vidole viwili vimekaa bure, padi inashika vumbi, na ofisini wameshapanga tarehe ya chanjo. Kimpira anacho mbwa. Ilipofika siku ya tisa nilimwona anajaribu kufungua kifuniko cha kalamu akatumia meno. Nikashindwa.

Nilimweleza nikiwa nimesimama. Nikamwonyesha na mahali penyewe, mia, sabini. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza ni lini, nikamtajia. Akaangalia skrini, akaangalia mkono wake.

"Kwa hiyo wao walikuwa wazima," akasema. "Mgonjwa alikuwa mimi."

Nikaanza kujitetea, kwamba nilikuona unahangaika, kwamba nilitaka tu...

"Kumbe hata wewe, fundi," akasema.

Akabandua ile karatasi taratibu, asiharibu skrini, akaikunja akaitia kwenye daftari. Akaaga kwa heshima, upande wa mama na upande wa baba, na hakurudi. Nilirudisha kasi asilimia mia siku ileile, nikaacha kompyuta imewashwa saa nne asubuhi kwa majuma mawili. Alikuja bata mzinga tu. Nilijisikia vibaya kuliko siku niliyofuta picha za harusi za mteja.

Msimu wa chanjo ulipofika nilikuwa na kazi Butiama, printa ya ofisi ya kijiji ilikuwa inameza karatasi. Nilipomaliza nikasikia ng'ombe wengi wanalia nyuma ya majengo. Nikaenda. Zizi limejaa, wenye ng'ombe wamepanga mstari, na katikati yupo Bwana Mifugo na koti lake la kazi. Pembeni kasimama dada mmoja wa ofisini kwao na karatasi. Mwenye ng'ombe mmoja akaninong'oneza kwamba siku ya leo ndiyo wamempa ya kujaribiwa. Akiweza, anabaki na pikipiki yake. Asipoweza, kesho anakabidhi boksi.

Nikasimama kuangalia, na sikupenda nilichokiona. Walimpenda mno. Walikuwa wanamletea ndama wapole na ng'ombe wazee wasiojua hata kupiga mkia. Wanaume wanne wanamkumbatia ng'ombe mmoja mpaka hapumui. Mwingine anamjazia dawa kwenye bomba, mwingine anamshikia ngozi. Yeye anasogeza mkono tu. Yule dada wa ofisini alikuwa anaangalia hayo yote na hajaandika kitu.

Bwana Mifugo aliniona. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba, na foleni ya salamu haikufuata. Akanisogelea.

"Unaona?" akasema kwa sauti ya chini. "Wote wamenipunguzia mwendo."

Nikamwambia naona. Nikamwambia na mimi nilikosa, nisamehe, niliumia kukuona. Akageuka akawaambia wale wanaume wamwache huyo ndama, wamlete mtamba mwekundu aliyekuwa anawapiga wenzake pembe kule pembeni. Wakacheka kwa wasiwasi. Akarudia. Wakamleta kwa shida, wakamzungushia kamba mara tatu kwenye nguzo, na mara moja wote wanne wakamlalia.

"Tokeni," akasema. "Kamba atashika fundi."

Mimi sijawahi kushika kamba ya ng'ombe. Nilishika. Mtamba alikuwa anatetemeka kwa hasira na kamba inanikata viganja, lakini kwa vile ilikuwa imezunguka nguzo mara tatu kichwa chake hakikuweza kwenda popote. Bwana Mifugo alijaza dawa mwenyewe. Akaniangalia.

"Fundi. Rudisha mia."

Nilielewa. Moyo ulikataa, na macho yangu yalikwenda kwenye vile vidole viwili. Nikaizungusha kamba kinyume mara moja, halafu mara ya pili, nikaacha mzunguko mmoja tu. Mtamba akatikisa kichwa, akamsukuma Bwana Mifugo akajibamiza kwenye miti ya zizi, bomba likaanguka kwenye tope.

Watu wote waliinama kuliokota.

"Mwacheni," nikasema. Ilitoka kwa ukali, mbele za wanaume umri wa baba zangu. Wakasimama.

Aliokota mwenyewe. Akalipangusa bomba kwenye koti. Sindano ilikuwa imechafuka, kwa hiyo akaitoa, akachukua mpya kutoka mfukoni, ikabidi aichane pakiti yake na kuipachika. Hiyo ilichukua muda. Kidole cha kati kilikosa, kikakosa tena. Hakuna aliyesema pole. Yule dada wa ofisini alikuwa ameacha kujipepea kwa karatasi yake. Sindano ikakaa.

Kisha hakwenda moja kwa moja. Alisimama hatua tatu kutoka kwa yule mtamba, akawa anaangalia miguu yake, anavyoiweka, upi unatangulia. Mtamba akazunguka na mimi kwenye kamba. Bwana Mifugo akasubiri. Mguu wa kulia wa mbele uliponyanyuka yeye alikuwa ameshaingia, bega kwa bega na mnyama, mkono wa kulia shingoni, na nikaviona vile vidole viwili vikikaza kwenye bomba huku kidole gumba kikisukuma mpaka mwisho.

Akatoka nyuma ya mtamba, tope mpaka kwenye nyusi. Hakumwangalia dada wa ofisini. Hakuniangalia hata mimi.

"Mleteni mwingine," akasema.